Mbwa Aliyeiona Njia

Mama mkwe wangu tulimzika Jumamosi, na Jumatano fundi akafika na nyundo kubwa kubomoa jikoni yake. Watoto wangu walikuwa wameshakubaliana wao kwa wao kwa simu, bila kuniuliza, kwamba mimi sasa ni mtu wa kujengewa jiko la mawe lenye dirisha la kioo na mahali pa kuweka mtungi wa gesi. Sikukataa. Mwanamke ambaye wajukuu wake watano wote wanakula vizuri na kusoma vizuri hana haja ya kukataa dirisha. Lakini nilimwambia fundi atoe mabati, aangushe kuta, na yale mafiga matatu asiyaguse. Akanicheka kwa adabu, kama vijana wanavyotucheka siku hizi, akaniita susu, yaani nyanya, akasema, "Susu, mawe ni mawe." Nikamwambia akae kivulini anywe chai, mawe hayo nitayang'oa mwenyewe. Nilijua kilichokuwa chini ya lile la upande wa ukuta. Kulikuwa na nywele za mkia wa mbwa. Ziliwekwa pale mwaka wa tisini na saba, miezi michache kabla ile mvua kubwa haijaanza kutuharibia mashamba, mwaka ambao nusura nimzike mtoto wangu Mwende na uongo mmoja wa maneno mawili kinywani mwangu.

Mwaka huo nilikuwa msichana bado, ukinitazama sasa, ingawa nilijiona mama mzima. Mume wangu alikuwa kiwandani Athi River, anakuja mwisho wa mwezi na mkate na nguo zake za kufuliwa, na mimi nilibaki nyumbani hapa karibu na Katangi na mama yake, ambaye wote tulimwita Mwaitu, yaani mama, na mdogo wa mume wangu, Kilonzo, aliyekuwa hajaoa, na Mwende wangu wa miaka sita. Nguchiro walikuwa wanatumaliza kuku. Kila asubuhi manyoya. Mwaitu akasema tutafute mbwa, na akanituma kwa Mama Kasyoka ng'ambo ya mto wa mchanga, mwendo wa saa moja na nusu, nipeleke mbaazi na nirudi na mtoto wa mbwa dume. Kabla sijatoka alinifundisha, nikiwa nimesimama mlangoni na kiondo begani, na alinifundisha kama mtu anayefundisha mtoto kubeba yai. Nimweke ndani ya kiondo. Nimfunike na leso, uso na masikio, asione mti wala jiwe wala maji. Akikojoa, anikojolee. Akilia, alie. Nisimfunue mpaka niingie jikoni, nizunguke mafiga mara tatu, halafu nimfunue akiwa anatazama moto, ili kitu cha kwanza atakachokiona kiwe moto wa kwake. "Akiiona njia ataikumbuka," alisema. "Na siku tukimkosea kidogo tu, atarudi kwa mama yake."

Nitasema wazi. Nilikuwa nimeokoka mwaka uliotangulia, na mambo ya kuzungusha mbwa kwenye mafiga niliyaona ni ya giza, ya watu ambao hawakufika hata darasa la nne kama mimi. Darasa la nne, nami nikawa profesa. Tena yule mtoto wa mbwa alikuwa anahema ndani ya leso kama mtu mwenye homa, na jua la Yatta mnalijua. Nilipofika mtoni nikamfunua. Akatoa kichwa nje ya kiondo, rangi ya uji wa wimbi, pua nyeusi, masikio kama majani yaliyonyauka. Tukaja hivyo tukizungumza. Nilimwonyesha mgunga uliopigwa na radi, nikamwonyesha duka la pale njia panda, nikamwonyesha shamba la katani. Karibu na boma letu nikamfunika tena. Mwaitu alikuwa ananingoja jikoni, moto umewaka vizuri. Nikazunguka mafiga mara tatu kama nilivyoambiwa, mdomo wangu umekaa upande. Akauliza, "Umemfunika njia yote?" Nikasema, "Njia yote." Akakata nywele chache za mkia kwa wembe, akazikunja kwenye kitambaa, Kilonzo akainua figa kwa mti, na zikawekwa chini, ili mwenye nywele asiihame nyumba. Mimi nilikuwa natazama mahali pengine.

Siku za kwanza alitulilia mpaka Kilonzo akasema afadhali nguchiro. Mwaitu hakutaka mtu mwingine ampe chakula. Aliketi kwenye kigoda chake, anachota muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, kwa vidole, anauponda kwenye kiganja, mtoto wa mbwa analamba kiganja mpaka kinang'aa. Alimtandikia sweta ya zamani ya Mwende ndani ya karai lililotoboka, pembeni mwa moto, na hata mchana akitoka nje kidogo alikuwa anamwita arudi alale pale, azoee harufu. Mwende alimpa jina Soja kwa sababu alikuwa anakaa mlangoni akiwa wima kama askari wa lango, halafu anasinzia na kuanguka. Wiki ya pili akaacha kulia. Nilimwona anamfuata Mwaitu kisimani na kurudi, nikajiambia moyoni, unaona sasa, nilimwonyesha njia yote na hajaenda popote. Nilifurahi. Ilikuwa furaha ya mtu aliyeiba na hajashikwa.

Halafu akapita yule mbwa mwingine. Ilikuwa saa sita mchana, tunapukuchua mahindi uani. Alitokea upande wa barabara akitembea kama mlevi, mkia chini, mate yanamning'inia, hatazami mtu. Soja, na ujinga wa utoto, akamkimbilia akibweka. Wakagongana, vumbi likapanda, yule mkubwa akaendelea na safari yake kama hakuna kilichotokea. Tulimkagua Soja kichwa mpaka kwato, kama unaweza kusema mbwa ana kwato. Hatukuona damu. Jioni tukasikia yule mbwa ameuawa sokoni, lakini kabla ya hapo alikuwa ameuma mbuzi wawili na yule mwanamume aliyekuwa akiuza kamba za katani karibu na posho mill. Mwanamume mwenyewe alijifunga kitambaa akaendelea kuuza kamba. Wiki ya tano tukaambiwa amekufa, na jinsi alivyokufa wanawake waliniambia kwa sauti ya chini kwenye foleni ya maji: amefungwa kitandani na zile kamba zake mwenyewe, na akionyeshwa kikombe cha maji tu anapiga mayowe.

Siku ya pili baada ya mazishi yake, Soja alimuuma Mwende. Alikuwa na mfupa, Mwende akaushika, basi. Meno manne kwenye mkono, damu kidogo. Ingekuwa mwezi mwingine ningempiga Mwende kofi kwa kusumbua mnyama anapokula. Lakini nilikuwa na yule mwanamume wa kamba machoni. Nilimbeba Mwende mgongoni mpaka zahanati, mbio, miguu yake inanipiga mapajani. Daktari aliosha kidonda kwa sabuni na maji muda mrefu sana mpaka Mwende akachoka kulia, akamdunga sindano moja, na akaniambia zile zinazofuata zimekwisha, gari litazileta kutoka Nairobi baada ya wiki mbili labda. Nikamuuliza kama nirudi nyumbani nimuue mbwa. Akaniketisha. Alisema, "Mama, mkimuua hatutajua kitu. Mfungeni, mpeni chakula na maji. Siku kumi. Akifika siku ya kumi akiwa mzima, mtoto wako hana neno. Akifa kabla ya hapo, usimzike. Niletee kichwa chake siku hiyo hiyo, kikapimwe."

Sasa huko kwetu mbwa akiuma mtu anauawa kwanza, maswali baadaye. Niliporudi, Kilonzo alikuwa ameshatoa upinde wa marehemu baba yake darini na anaufuta vumbi. Maneno ya daktari hayakumwingia. Alisema huyo daktari hana mtoto hapa. Alisema, "Hiyo mbwa ikiuma mwingine, nitakuuliza wewe?" Mwaitu hakubishana naye. Alichukua kigoda chake akakiweka mlangoni pa jikoni, kati ya Kilonzo na Soja, akaketi, akaanza kusuka kiondo. Kilonzo alisimama na upinde kwa muda mrefu, halafu akaenda kuuegemeza ukutani. Tulimfunga Soja kwa kamba kwenye nguzo ya kati, nami nikachora mstari wa kwanza wa mkaa ukutani, mmoja kwa kila siku.

Watu huniuliza mbona sipendi saa ya ukutani. Ni kwa sababu ya ile mistari. Kila asubuhi niliingia jikoni na bakuli la maji, nalisukuma kwa mti mrefu, nasimama. Akinywa, naweza kupumua mpaka mchana. Mchana namsukumia chakula, nasimama tena. Mwende nilimnywesha maji mara kumi kwa siku, naangalia koo lake, mpaka akaniuliza kama maji ni dawa. Kilonzo alikula isyo yake ya mahindi na maharagwe amegeuza mgongo kwa nguzo ile. Siku ya nne Mwaitu alimwita Mwende uani, akamweka katikati ya magoti yake, akamnyoa kichwa chote kwa wembe. Nilitoka shambani nikakuta mtoto ana kichwa kama yai. Akasema ni chawa. Nilikuwa nimemsuka mwenyewe Jumapili, na chawa hata mmoja sikuona. Nilikasirika sana, nikaona mama huyu anapata nafasi ya kuniambia mimi ni mchafu hata wakati kama huu, na nikameza.

Siku ya sita niliingia na bakuli nikakuta kamba peke yake. Imetafunwa. Sweta iko kwenye karai, baridi. Niliita, nikatafuta nyuma ya ghala, kwenye katani, chini ya mkokoteni. Kilonzo alikuja akaiangalia ile kamba, akaiokota mwisho wake wenye mate, akaitupa haraka na kujifuta mkono kwa suruali. Aliongea polepole, kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonitisha. Alisema kichaa kikishika mbwa, mbwa huacha nyumba. Anatembea tu mpaka aanguke. Alisema hata yule wa kwanza alikuwa na nyumba yake mahali. "Imeenda kufa kwa kichaka, mama Mwende. Hata kichwa hatutapata." Mwende alikuwa amesimama mlangoni na kipara chake, anakula kipande cha kiazi.

Mwaitu alisema hapana. Alisema hawezi kuwa ameenda, moto wake ni huu, alifika akiwa amefunikwa, haijui njia nyingine. Kwa hiyo kama ameondoka, basi kweli ni ugonjwa. Nilimwona anaketi chini bila kigoda, udongoni, jambo ambalo sikumwona akifanya tena mpaka kufa kwake. Yeye alikuwa anaamini neno langu, na kwa kuliamini alikuwa anamhesabu mjukuu wake kama aliyekwisha kufa.

Nimezaa mara nne na hakuna uzazi uliokuwa mgumu kama kutoa maneno yale. "Mwaitu," nilisema, "anaijua njia. Nilimfunua mtoni. Aliona kila kitu mpaka hapo kwa katani. Nilikudanganya."

Kilonzo alinitazama kama mtu anayesema lugha ya watu wengine. Mimi nilingoja kofi. Ningelipokea. Mwaitu aliniuliza jambo moja tu, "Alikuwa anatazama mbele ama nyuma?" Nikasema alikuwa anatazama kila mahali. Akasimama kwa kushikilia nguzo, akaenda chumbani kwake, akarudi na leso yake ya kwenda kanisani, ile ya kijani ambayo mimi hata kuifua sikuruhusiwa. Akanipa pamoja na kiondo. "Nenda," akasema. "Safari hii mfunike."

Ile saa moja na nusu nilienda nikiomba Mungu kwamba mbwa wangu awe mwenye akili na asiwe na adabu. Nilifika kwa Mama Kasyoka jasho limenilowesha, na kabla hata sijabisha nikamwona. Amelala chini ya ghala la nafaka amejibana kwenye tumbo la mama yake, mkubwa namna ile, miguu imemzidi, anajidai bado ananyonya. Mama Kasyoka alitoka akicheka, akaniambia mtoto wenu alitujia usiku wa kuamkia leo na kipande cha kamba shingoni, mnamfunga kwa nini, hamjui kulea. Nilikuwa naweza kucheka naye. Nichukue mbwa, niage, nirudi, na mtu asijue. Nilishafungua kinywa kusema amezoea kutoroka tu huyu. Lakini nilimwona mama mbwa analamba masikio ya mwanawe, na mjukuu wa Mama Kasyoka ameketi hatua tano kutoka hapo anachezea vikopo.

Nikamwambia yote. Mbwa mwenye mate, mwanamume wa kamba, meno manne kwenye mkono wa Mwende, siku kumi, kichwa. Kicheko kilimtoka usoni kama maji kwenye mchanga. Alimbeba mjukuu wake kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akaokota panga lililokuwa kwenye kuni. Nikapiga magoti kati yake na ghala, nikamwambia, "Mama Kasyoka, ukimkata, mimi sitajua kama wangu anaishi, na wewe hutajua kama wako amepona. Nipe siku nne. Nikija kukwambia amekufa, ukate wako pia." Alifikiri panga likiwa juu. Halafu akaenda kumfunga mama mbwa, bila kunitazama, akasema, "Chukua mnyama wako, na ule mlango usinibishie kabla ya siku nne."

Sasa nimbebe. Mbwa ambaye pengine ana kifo kwenye meno, nimtie mikono, nimwinue, nimweke begani mwangu. Soja alinijua. Alinilamba kidole na mimi nikautazama ule mkono kama si wangu. Nikamkunja ndani ya leso ya kijani, uso na masikio, nikamtia kiondoni, nikaanza kutembea. Alilia, akapiga miguu, akanikojolea mgongoni mpaka sketi. Nilipofika mtoni kulikuwa na kisima cha mchanga ambacho watu walikuwa wamekichimba, maji safi, na shetani akanijia kabisa pale. Mfunue kidogo. Mwonyeshe maji. Akinywa, utajua sasa hivi, hutangoja siku nne, hutangoja hata dakika nne. Nilisimama juu ya yale maji, mkono uko kwenye fundo la leso. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kufungua lile fundo. Halafu nikapita. Nikapita mgunga uliopigwa na radi, nikapita duka, nikapita katani, na safari hii sikumwonyesha mtu chochote. Niliingia jikoni, nikazunguka mafiga mara tatu, na mdomo wangu haukukaa upande. Mwaitu ndiye aliyemfunua. Moto ulikuwa mkubwa.

Siku ya saba alikunywa. Ya nane hakugusa maji mpaka jioni, na mume wangu, aliyekuwa ametumiwa habari akafika siku hiyo, aliketi uani na viatu vyake vya kiwanda bila kuvivua. Ya tisa alikunywa. Ya kumi tuliingia wote jikoni, hata Kilonzo, na upinde wake ameuacha nje. Nilisukuma bakuli. Soja alilinusa, akatutazama mmoja mmoja, akapiga miayo. Akageuka akaenda kulala. Hakuna aliyesogea. Mwende ndiye aliyepita katikati yetu, kabla sijamkamata, akachutama akasema, "Soja, kunywa dawa." Akanywa lote, akalamba bakuli, likawa linasukumwa sakafuni mpaka likagonga figa. Kilonzo alitoka nje na tukamsikia anapasua kuni, kuni ambazo hakuna mtu aliyezihitaji. Mimi nilikwenda kwa Mama Kasyoka jioni ile ile, nikabisha.

Mwaitu hakunitajia ule uongo tena, hata tulipogombana kwa mambo mengine, na tuligombana miaka ishirini na zaidi. Soja aliishi nasi miaka kumi na miwili na hakuvuka mto tena.

Sasa nilikuwa napiga magoti kwenye jikoni isiyo na bati, jua linaingia mahali ambapo halijawahi kuingia, fundi anakunywa chai. Mwende alikuwa amekuja kunisaidia kabla ya kurudi kazini Syokimau, mama wa watoto wawili, rasta zake zimefika mgongoni. Tuliliinua figa kwa mti, mimi na yeye. Nilikuwa nimemwambia tutakuta kitambaa cha nywele za mbwa, na kitambaa kilikuwepo, cheusi, nywele ndani rangi ya uji wa wimbi. Lakini pembeni mwake kulikuwa na kikopo cha rangi ya viatu, kimeshika kutu, ambacho mimi sikuwa nakijua. Mwende alikifungua kwa kisu. Ndani yake kulikuwa na nywele nyingine, nyeusi, laini, zimesokotwa vile nilivyokuwa namsuka Jumapili, zimefungwa kwa uzi wa katani wa kusukia kiondo.

Alizitazama akauliza ni za mbwa gani. Nikamwambia ashike kichwa chake.

Tulirudisha kitambaa, tukarudisha kikopo, tukarudisha figa. Fundi alikuja anapangusa mikono, akauliza basi jiko jipya tulianzie wapi. Nikamwambia alianzie popote anapotaka, lakini lile jiwe litabaki hapo lilipo, ajenge akilizunguka.